Ubao wa Ma Kemilembe

Tangu nitangaze kwamba naacha usukani, vijana wa yadi mmeniuliza swali moja tu. Hamkuniuliza namna ya kushuka mlima na tani saba mgongoni wakati breki zimeanza kunuka. Hamkuniuliza namna ya kujua bekeni ya gurudumu inayokufa kabla haijafa. Mnataka kujua kwa nini dereva wa yadi hii hawezi kutoka getini kabla ya kuandika kwa chaki, kwenye ubao mweusi uliopigiliwa ukutani, jina lake na mahali anakokwenda, na kwa nini akirudi lazima aufute mstari wake kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja wenu alisema tunaendeshwa kama chekechea. Nilimsikia, ila siku hiyo nilikuwa chini ya gari.

Sasa nina muda. Nitawaeleza tangu mwanzo, maana ubao ule umetokana na kosa langu.

Wengi wenu mmemkuta Ta Muganyizi kwenye picha ya ofisini, amevaa koti na anaonekana kama mtu aliyelazimishwa kukaa. Yadi hii ya Bilele aliianzisha yeye, na duka la vifaa vya ujenzi lililo mbele yake, baada ya kurudi kutoka vita vya Kagera alikokuwa dereva wa jeshi. Alianza na lori moja kuukuu. Mimi nilikuja kwake nikitokea Muleba, kijana mwenye leseni mpya na majivuno ya kutosha madereva watatu.

Siku ya kwanza hakuitazama leseni yangu. Alinipa kitambaa akasema, "Evodi, zunguka gari."

Nikazunguka. Nikarudi nikamwambia liko sawa.

"Umeona nini?"

"Liko sawa, mzee."

"Sikukuuliza kama liko sawa. Nimekuuliza umeona nini."

Nilizunguka mara nne. Mara ya nne ndipo nilipoona nati moja ya gurudumu la nyuma ina kutu mpya pembeni, maana yake ilikuwa imelegea na inacheza. Alinikabidhi wili spana. Asubuhi hiyo sikuendesha hata hatua moja. Nilikaza nati, nikakunja turubai, nikajifunza kufunga kamba ya mzigo. Jioni akaniambia nije kesho. Nilimwona ni mzee mwenye visa. Miaka ishirini na nane baadaye bado nalizunguka kila gari ninalolipanda, hata la kanisani, na mke wangu amechoka kunisubiri.

Alinifundisha mengine. Ukimaliza mlima mrefu simama, gusa bekeni kwa mgongo wa kiganja, si kwa kiganja, kwa sababu ikikuunguza mgongo bado unaweza kushika usukani. Mteremko shuka na gia ambayo ungeipandia. Lori tupu kwenye tope ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayana kitu cha kuyakandamiza. Hilo la mwisho nililidharau hadi siku nitakayoisimulia.

Habari za vita hakuzisimulia kabisa. Watu walimwita shujaa kwenye sherehe na yeye akaangalia viatu vyake. Alichobaki nacho cha jeshi ni kung'arisha viatu hivyo kila asubuhi na kula wa mwisho, baada ya kuhakikisha utingo wote wameshiba.

Na alipenda nyumbani kwake kupita kiasi. Sijui namna nyingine ya kusema. Nyumba yake iko Kanazi, juu ya kilima, katikati ya migomba na kahawa alizoachiwa na baba yake. Kila jioni tulipofika chini ya kilima alinyosha mkono akapiga honi mara mbili. Ilikuwa ishara kwa mkewe, Ma Kemilembe, afunue chungu cha ndizi, zisipoe wala zisikae na mvuke mno. Tukifika, watoto sita wamepanga mstari wa madaftari na mzee anayakagua moja moja akiwa bado amesimama. Nilipoanza kuendesha mwenyewe, honi ile ikawa kazi yangu. Nilipiga mara mbili hata siku ambazo mzee hakuwemo, mpaka Ma Kemilembe akanikataza kumfunulisha ndizi bure.

Huyo ndiye mtu niliyemjua. Sasa nije Rubafu.

Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi alipanda pembeni yangu, akasema kwa sauti getini, "Tunakwenda Muleba." Tukifika barabara kuu, ananyosha kidole upande wa pili, kaskazini. Mara ya kwanza nilidhani amekosea. Tulikwenda hadi Rubafu, tukaingia kwenye kijiji cha wakulima, tukasimama mbele ya nyumba ndogo yenye kibanja cha migomba kilichopaliliwa vizuri. Akatoka mwanamke mrefu, mweusi, mwenye umri wa Ma Kemilembe au pungufu kidogo. Watoto watatu wakamkimbilia mzee wakimwita tata, yaani baba.

Tulishusha sukari, sabuni, mabati sita na mfuko wa madaftari. Mzee akakaa uani kwenye kigoda, akakagua madaftari ya watoto akiwa ameinamisha kichwa vilevile kama Kanazi. Saa tisa tukaondoka.

Mimi ni mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri. Hukumu yangu ilikuwa tayari kabla chai ya yule mama haijapoa. Nyumba ndogo, nikasema moyoni. Na kumbe mabwana wakubwa wote ni wale wale. Lakini udereva una adabu zake, na ya kwanza ni kutosema lori limelala wapi. Nikanyamaza, na nikajiona mtu mzima.

Yule mama, Ma Nyangoma, hakutuacha tuondoke mikono mitupu. Kila mara alimpa mzee kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile tunayochemsha na majani ya porini na kuanika juani, amekifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba ya mgomba. Mnajua wenyewe kwetu mgeni asiyepewa kahawa hajapokelewa. Kifurushi hicho mzee alikiacha kitini, kila mara, kama mtu anayesahau kwa makusudi.

Mwaka wangu wa tano au wa sita kazini, Ma Kemilembe alikuja kwenye lori kuchukua kapu lake akakikuta. Alikigeuza mkononi.

"Evodi, jana mlikuwa wapi?"

"Muleba, mama."

"Muleba wanafunga kahawa hivi?"

Nilikitazama kile kifurushi. Fundo lake lilikuwa limezungushwa mara mbili na ncha kuingizwa ndani, zisionekane. Mimi nimezaliwa Muleba na sikuwahi kuliona kwetu.

"Kila nyumba ina mkono wake, mama," nikasema.

Alikifungua, akatazama ndani, akakifunga tena kwa fundo lilelile, taratibu, akakirudisha kitini. Hakuniuliza tena maisha yake yote na mume wake. Ndizi aliendelea kuzifunua kila honi ilipolia. Ila kuanzia siku hiyo hakukaa nasi tukila. Alisema ana kazi jikoni.

Niliona, na niliumia, na sikufanya kitu.

Ukweli niliujua miaka mingi baadaye, siku binti mkubwa wa Ma Nyangoma alipoolewa. Mzee ndiye aliyesimama kama baba na kumkabidhi. Tulipokuwa tunarudi, mchana mweupe, akaniambia nisimame kando. Akafungua vifungo viwili vya shati, akanionyesha kovu dogo karibu na kitovu.

"Unajua hili?"

Nilijua. Babu yangu alikuwa nalo, na baba yangu mwinjilisti hakutaka tulitazame. Ni alama ya omukago, udugu wa kuchanjana. Watu wawili wanachanjwa hapo, wanapasua tunda moja la kahawa, ambalo lina punje mbili, kila mmoja anachovya punje katika damu ya mwenzake na kuimeza. Kuanzia hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Watoto wa huyu ni watoto wa yule, na mke wa mwenzako ni dada yako mpaka unakufa.

"Nilikula na Kaijage," mzee akasema. "Wa Rubafu. Tulikuwa na lori moja jeshini, tukiendesha kwa zamu, mimi leo, yeye kesho. Siku moja niliamka na homa. Zamu ilikuwa yangu. Kaijage akaniambia lala nyuma, nitashika mimi. Bomu la ardhini lilikuwa upande wa dereva."

Sikujua nitazame wapi.

"Walimfukia haraka, tukasonga mbele. Sikutia udongo, nilikuwa natapika. Hata mahali penyewe leo siwezi kupaonyesha."

"Mzee, kwa nini humwambii mama?"

Alifunga vifungo vya shati kwanza. "Kila mwaka Kemilembe anatoa misa ya shukrani kwamba Mungu alinirudisha. Anavaa vizuri, anawavalisha watoto, anakwenda mbele. Nitamwambiaje kwamba nilirudi kwenye nafasi ya mume wa mtu? Na mapadre wetu na huo udugu wa damu unawajua."

"Mimi sitasema," nikajibu.

Sikilizeni vizuri hapo. Yeye hakuniomba kunyamaza. Nilijitolea mwenyewe. Nilifurahi hata, kwa sababu mzee wangu alikuwa amerudi kuwa msafi machoni pangu, na nikafikiri hilo linatosha. Sikumfikiria mwanamke aliyekuwa anakula peke yake jikoni. Nilinyamaza miaka kumi na miwili zaidi.

Mzee alianza kuugua figo. Siku moja wodini, Ma Kemilembe ametoka kuchota maji ya moto, mzee alinivuta mkono.

"Nikiondoka, mtu wa nyumba ya Kaijage atie udongo kwenye kaburi langu. Mimi sikumtilia yeye. Wao wanitilie. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Namna gani utafanya, sijui. Wewe ni dereva."

Alifariki Jumanne. Mazishi yakapangwa Alhamisi saa nane mchana, kibanjani kwake Kanazi. Nilimpigia simu Ma Nyangoma. Alilia, kisha akasema hatakuja.

"Mwana wange, najua wanavyoniita huko mjini. Siwezi kwenda kumwaibisha mama wa watu kwenye msiba wake."

Jumatano nzima nilibeba viti na maturubai huku nikijiambia kwamba nimejaribu. Alhamisi asubuhi niliamka mvua inanyesha. Nikalizunguka lori kama kawaida. Nilipofika kwenye ile nati ya nyuma, nikajua kwamba sijajaribu kitu. Simu si kujaribu. Mdogo wa marehemu, aliyekuwa akisimamia shughuli, akaniuliza nakwenda wapi. Nikasema naongeza viti. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kazini.

Rubafu nilimkuta Ma Nyangoma ameketi mlangoni, amevaa nguo za msiba. Alikuwa amejitayarisha kwa safari aliyoikataa. Sikumbembeleza. Nilimwambia maneno ya mzee kama yalivyo, kuhusu udongo. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi mkononi na mtoto wake wa kiume nyuma yake.

"Twende," akasema.

Kilima cha kwanza tu, lori likaanza kucheza. Tupu, kwenye tope, likavutwa pembeni mpaka gurudumu la nyuma likakaa kwenye mtaro. Saa tano na nusu. Niliingiza gia, nikachimba, nikaweka matawi, likazidi kuzama. Nilikaa chini kwenye tope nikamsikia Ta Muganyizi kana kwamba yuko kitini: gari tupu halina kitu cha kulikandamiza.

"Mawe," nikasema. "Tupakie mawe."

Tuliyatoa kando ya barabara, sisi watatu, na wanaume wawili waliokuwa wakipita na majembe. Ma Nyangoma alibeba kama sisi, gauni lake jeusi limejaa udongo hadi magotini. Tukayapanga juu ya ekseli ya nyuma hadi mgongo wa lori ukashuka. Nikawasha, nikaingiza gia ya pili badala ya ya kwanza, nikaachia klachi polepole kabisa. Likatoka. Sikusimama tena mpaka Kanazi, hata mawe sikuyashusha.

Saa nane kasoro robo tulifika chini ya kilima. Na hapo mkono wangu, bila mimi kuuambia, ukapiga honi mara mbili.

Nilitaka kujikata mkono huo. Juu huko kulikuwa na mamia ya watu kimya kwenye nyasi, jeneza liko uani, na mimi nimempigia mjane honi ya kufunua chungu. Nilipanda mlima huku nalia, na sioni haya kulisema.

Mdogo wa marehemu alikuwa tayari getini. Alimtazama Ma Nyangoma juu hadi chini.

"Evodi. Hivi ndivyo viti?"

"Nimeleta nyumba ya Kaijage."

"Huyo tunamfahamu. Asivuke hapa. Leo si siku ya hayo."

"Atavuka," nikasema. "Mzee ndiye alimwita."

Alikuwa anafungua mdomo kunijibu, watu nyuma yake wakaachia njia. Ma Kemilembe alikuwa ameinuka kwenye nyasi. Baadaye aliniambia kwamba honi ndiyo iliyomwinua. Miguu ilisimama kabla hajajua kwa nini. Akaja hadi getini, akasimama mbele ya mgeni, na macho yake yakashuka kwenye kile kifurushi. Fundo lilelile, mizunguko miwili na ncha ndani.

Nilisema kila kitu hapo hapo, nimesimama kwenye mvua, watu wakisikia. "Mama, huyu si mke wa mzee. Ni mke wa Kaijage, aliyekufa vitani akiendesha zamu ya mzee. Walikula omukago. Mzee alikuwa analea watoto wa ndugu yake."

Ma Kemilembe hakumtazama mtu mwingine ila mimi.

"Umejua lini?"

"Miaka kumi na miwili, mama."

"Miaka kumi na miwili unakula kwangu," alisema, sauti ya chini kabisa, "na maneno machache hayo ukayakalia. Yule alikuwa na aibu yake, nitamsamehe. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilidhani nililinda nyumba ile, kumbe nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiibomoa kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

Ma Nyangoma akapiga magoti. "Waitu mama, sikuja kudai kitu. Nimekuja kutia udongo. Wa kwangu sikumtilia."

Ma Kemilembe alikichukua kifurushi. "Fundo hili nimelifungua mara nyingi," akasema. "Kila mara nikalifunga tena, sikula hata punje." Akalifungua, akachukua tunda moja la kahawa, akalipasua kwa meno. Punje moja akabaki nayo mdomoni, nyingine akampa mwenzake kiganjani. Wakatafuna wote wawili, wamesimama, shemeji yao akiwa pembeni hajui afanye nini na mikono yake. Kisha akamshika mkono wakaenda kaburini, na udongo wa kwanza ukatiwa na nyumba ya Kaijage. Yale mawe ya Rubafu mnayaona hadi leo yamezunguka kaburi, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuyapeleka.

Matanga yalipoisha, Ma Kemilembe alikuja yadini kwa mara ya kwanza maishani, akakaa kwenye kiti cha mume wake, akaagiza ubao na chaki. Mstari wa kwanza aliuandika mwenyewe: *Evodi. Rubafu. Kwa wifi.* Akapanda pembeni yangu, na getini hakusema Muleba.

Hiyo ndiyo habari ya ubao. Ninyi mnafikiri ni wa kuwachunga. Mimi niliwekewa ubao huo, ninyi mmeurithi. Siri ya mteja tunzeni, siri ya mzigo tunzeni. Lakini mtu akikuuliza lori lilikuwa wapi kwa sababu hawezi kulala, usijifanye una adabu. Mwambie. Na kama si haki yako kumwambia, nenda kwa mwenye siri ukamsumbue mpaka aseme yeye. Mimi sikumsumbua Ta Muganyizi hata siku moja. Angenisikiliza. Hilo ndilo linaloniamsha.

Jumamosi iliyopita nilikabidhi funguo. Ma Kemilembe alikuwa kwenye benchi lake chini ya ubao, na fimbo yake mapajani. Nilichukua chaki, nikaandika: *Evodi. Nyumbani.* Kisha nikakumbuka sheria, kwamba mstari hufutwa na mwenyewe akirudi, na mimi sirudi. Nikachukua kitambaa niufute.

"Uache," akasema. "Wa kwako huu ndio wa kwanza ninaouamini bila kuuliza."

Nilipotoka getini alikuwa bado anausoma.